Karibu miaka 50 naitembea Dar es Salaam, na bado sijaimaliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu hoja iliyotolewa humu na msomaji mwenzangu, aliyesema kwamba Dar es Salaam ni mahali pa kutafutia riziki tu, kwamba mtu akishastaafu hana sababu ya kuendelea kubanana na vijana kwenye daladala, na kwamba kwa kuwa Serikali nayo imekwisha kuhamia Dodoma, wazee tuliobaki hapa tufunge virago turudi "kwetu". Nimeisoma barua hiyo mara tatu. Sina ugomvi na aliyeiandika, maana amesema jambo ambalo wengi hulisema misibani, harusini na kwenye foleni. Lakini mimi ni mstaafu, nimeishi katika jiji hili tangu mwaka 1976, na nikiulizwa kwetu ni wapi najibu Magomeni Mikumi. Sijibu hivyo kwa kuisahau Tabora nilikozaliwa na walikozikwa wazazi wangu. Najibu hivyo kwa sababu Dar es Salaam naipenda, na mapenzi hayo yaliniingia kwa miguu.

Nilifika hapa kwa treni ya reli ya kati, asubuhi moja ya mwezi Julai, upepo wa kusi ukivuma na jua likiwa bado la upole. Nilikuwa kijana wa miaka 21, nimesafiri kilomita zaidi ya 800 nikiwa na sanduku la bati na jina la mtaa lililoandikwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Mjomba wangu alikuwa ananisubiri Stesheni. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama juu hadi chini, na badala ya kunipeleka kwenye basi la UDA akaniambia nijitwike sanduku langu nimfuate. Tukaanzia Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 mji huu ulipopewa hadhi ya jiji, tukapita Mnazi Mmoja, tukaikata Kariakoo kutoka upande mmoja hadi wa pili, tukateremka bonde la Jangwani na kupanda Magomeni. "Leo miguu itakuuma," alisema, "ila kesho hutapotea." Kisha akaongeza jambo ambalo nimelifuata hadi leo: "Na ukipotea, mjomba, usimuulize anayekimbia. Muulize aliyekaa anauza kitu."

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya kusoma mita za maji, nikaifanya kwa miaka 38 hadi nilipostaafu mwaka 2015. Watu wengi wanaijua Dar es Salaam kwa barabara zake, lakini mimi niliijua kwa nyua zake. Asiyezaliwa uswahilini pengine hajui kwamba nyumba zetu za zamani zina mpango mmoja karibu zote: baraza mbele, mlango wa mbao, ukumbi mrefu wa kupita katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, halafu nyuma ndipo ulipo ua wenye jiko, choo na bomba. Mita ilikaa pembeni mwa ukuta, chini ya kifuniko cha chuma. Nilipiga magoti, nikainua kifuniko, nikawafukuza mende, nikafuta kioo kwa kitambaa nilichokiloweka mate, nikasoma tarakimu na kuziandika. Kazi yenyewe haikuzidi dakika mbili, ila salamu zilichukua robo saa, kwa kuwa huwezi kupita kwenye ukumbi wa watu, ukawakuta akina mama wanakuna nazi na mtoto amesimama ndani ya beseni ana povu kichwani, ukatoka bila kuulizana hali.

Kwa njia hiyo nilijua nani ameoza binti, nani anauguliwa, nani amepata kazi bandarini na nani ameipoteza. Bibi mmoja wa Kizaramo, mwenye nyumba pale Ndugumbi, alipojua kwamba mimi ni Mnyamwezi alinifanya mtani wake papo hapo, kwa ule utani wa tangu zama za misafara, na kuanzia siku hiyo hakukubali niinue kifuniko cha mita yake kabla sijala alichopika. Nilipiga hodi kwake kila mwezi kwa miaka 11. Alipofariki nilikwenda msibani, na watoto wake waliponiona nimesimama mlangoni walisema kwa sauti, "Mtani amefika," wakaniachia nafasi nitimize wajibu wa mtani kama mila inavyotaka. Nilitoka pale jioni nikijua kwamba siishi tena ugenini.

Sitaki msomaji adhani kwamba ninakusudia uswahilini peke yake. Nimesoma mita Upanga, ambako ngazi za maghorofa hunukia mdalasini na vitunguu vya kukaanga jioni, na Oysterbay, ambako mara nyingi nilionana na mlinzi na mbwa tu. Kila mtaa una tabia yake. Lakini nikisema ukweli wangu, ni Tandale, Manzese na Magomeni zilizonifundisha kuutazama mji, kwa sababu huko njia haikupeleki moja kwa moja: inapita chini ya kamba ya nguo, inazunguka mwarobaini ambao wazee wamekaa chini yake wakicheza bao, inakutoa mbele ya fundi baiskeli ambaye hukumtarajia, na ukirudi mwezi ujao unakuta imehamia upande wa pili wa ukuta mpya.

Baada ya kustaafu nilijiwekea utaratibu. Kila Jumamosi napanda gari hadi mwisho wa njia yake, popote pale, halafu narudi nusu ya njia hiyo kwa miguu. Nimefanya hivyo Gongo la Mboto, Mbagala, Tegeta, Kimara, Kigamboni na hata Pugu, ambako nilitembea ukingoni mwa msitu nikasikia ndege ambao Magomeni hawapo kabisa. Sensa ya mwaka 1978, ambayo mimi pia nilihesabiwa, ilikuta mkoa huu una watu 843,090. Ile ya mwaka 2022 ilitukuta 5,383,728. Maana yake ni kwamba katika maisha yangu ya hapa mji umezaa miji mingine mitano na zaidi kama ule niliouingia na sanduku, na kwa mwendo wangu wa Jumamosi moja baada ya nyingine siwezi kuumaliza. Jambo hilo kwangu ni neema, kwa sababu mzee wa miaka 70 anayeamka asubuhi akijua kwamba kuna mahali hajapaona, na kwamba nauli ya kufika huko anayo mfukoni, amepewa kitu kikubwa.

Katika matembezi hayo, kitu kilichoniteka kuliko vyote ni majina ya vituo. Mgeni akisikia konda anaita "Fire, Jangwani, Mapipa, Usalama, Mwembechai, Kagera, Argentina, Manzese, Urafiki" hudhani ni kelele tu. Ukisikiliza vizuri, Ndugu Mhariri, ni historia inasomwa kwa sauti. Fire ni kwa sababu ya zimamoto. Urafiki ni kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na ingawa wasichana waliokuwa wakitoka zamu pale na vitambaa vyao vichwani leo ni mabibi, mtu bado hushuka Urafiki. Kijitonyama kuna Sayansi, kwa sababu ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mbele yake kuna Makumbusho. Kinondoni kuna viwanja vya Biafra, jina la nchi ambayo Tanzania iliitambua mwaka 1968 na ambayo leo haimo katika ramani yoyote ya shule. Tabata kuna Dampo. Mtoto aliyezaliwa juzi anashuka Dampo akiwa amevaa sare safi na hajui kwamba hapo palikuwa jalala la jiji zima, na kwamba wakazi wa Tabata walichoka na moshi na uvundo, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kudai haki yao ya kuishi kama watu. Jalala lilikwisha kuondoka, jina likabaki kuwa shahidi.

Ninayoyapenda zaidi ni yale yanayoanza na "kwa". Tandale kwa Mtogole. Mtoni kwa Azizi Ali. Mwananyamala kwa Kopa, na kwa Mama Zakaria. Buguruni kwa Mnyamani. Sinza kwa Remmy, ambapo mwanamuziki Remmy Ongala, aliyetoka Kongo na kufanya makazi hapa mwaka 1978, anatajwa na makonda mara mia kwa siku ingawa alifariki mwaka 2010. Barabara kubwa hupewa majina na wakubwa, nayo hubadilika wakubwa wanapobadilika: ile iliyoitwa Acacia na Waingereza ikawa Independence baada ya Uhuru, na leo ni Samora. Lakini hakuna kamati iliyokaa ikaamua kwamba Tandale iwe na mahali paitwapo kwa Mtogole. Abiria walisema hivyo kwa sababu ndivyo walivyopajua, konda akaita hivyo kwa sababu ndivyo abiria walivyosema, na jina likashika. Hata neno daladala lilizaliwa hivyo hivyo: mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa mwaka 1983 nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 tulikuwa tunaiita dala.

Sasa nieleze habari ya Kariakoo, ambayo siwezi kuipita haraka. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa vijana wa Unyamwezi waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Alirudi, wengi wa wenzake hawakurudi, na hakupenda kusimulia. Sisi wajukuu tulichokijua ni alama iliyokuwa begani mwake, ngozi ngumu iliyong'aa, upana wa vidole vinne, ambayo alituruhusu kuigusa tukiwa wadogo. Nilipita Kariakoo siku yangu ya kwanza mjini nimebeba sanduku begani bila kujua lolote. Miaka 2 baadaye, nikiwa kazini Mtaa wa Nyamwezi, mzee mmoja aliyekuwa amekaa anauza ugoro aliniuliza natoka wapi, nami nikamwambia. Akauliza, "Na hapa pamoja na jina lake unapajua?" Ndipo aliponieleza kwamba Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya kikosi cha wapagazi, ambacho kwa lugha yao kiliitwa Carrier Corps, na kwamba sisi tulilitamka jina hilo kwa ulimi wetu mpaka likawa Kariakoo. Nilifunga daftari la mita, nikakaa chini kando yake. Nilikuwa nimepita hapo labda mara 200, na kila mara nilikuwa nakanyaga jina la babu yangu.

Jioni hiyo nilikwenda hadi pale Samora inapokutana na Azikiwe, nikaitazama kwa makini ile sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927, ambaye bunduki yake inaelekea bandarini. Kila mtu anaijua, hata wanaokwenda posta tu wanaambiana wakutane Askari. Waliosimama wakayasoma maneno yaliyo chini yake nadhani ni wachache. Yapo kwa Kiswahili pia, na yanawakumbuka wapagazi, yakiwaita miguu na mikono ya jeshi. Nilisoma polepole, watu wakinipita huku na huku, na kwa mara ya kwanza nilimlilia babu, ambaye alikuwa amefariki miaka mingi. Tangu hapo, kila ndugu yangu anayekuja kutoka Tabora, kabla ya kumwonyesha bahari, nampeleka hapo.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba Kariakoo ni msongamano na vibaka, mimi nina mengine ya kumwambia. Soko lenyewe, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, paa lake likiwa juu ya nguzo zilizochanua kama miti mikubwa, lilikuwa bado jipya nilipofika, na mjomba alinipeleka kulitazama kama mtu anavyompeleka mgeni kutazama bwawa au mlima. Lilipoungua usiku wa Julai 2021 nilikwenda asubuhi yake, nikasimama na wachuuzi ambao hawakuwa na la kusema. Na Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka mchana kweupe, vijana wa maduka ya jirani walikimbilia vifusi kuwatoa watu ambao wengine hawakuwajua hata kwa sura. Mahali ambapo watu hufanyiana hivyo siwezi kupaita mahali pa kutafutia riziki tu.

Mara nyingine utaratibu wangu wa Jumamosi unaanzia Feri, na ikiwa hivyo natoka nyumbani kabla ya alfajiri kwa basi la mwendokasi, ambalo tangu mwaka 2016 limenirudishia saa nyingi za maisha yangu. Wavuvi wanakuwa wamekwisha kushusha. Samaki wamepangwa chini mafungu kwa mafungu, changu na tasi na kolekole, pweza mmoja amelegea kwenye karai kama nguo mbichi, na mnadi anaita bei kwa haraka kiasi kwamba mtu asiyezoea husikia wimbo tu, wakati akina mama wenye ndoo, waliozoea, wananyanyua kidole kimoja bila kufungua mdomo na fungu linakuwa lao. Nakunywa kahawa kwa kashata ya njugu kutoka kwa kijana anayegonganisha vikombe vyake, halafu nashuka kwenye pantoni. Sina ninachokwenda kufanya ng'ambo. Tangu mwaka 2016 daraja la Kigamboni lipo, na mwenye haraka atapita huko. Mimi navuka ili nigeuke nitazame nyuma.

Ni safari ya dakika chache. Unasimama kwenye ukingo wa chuma katikati ya pikipiki, matenga ya kuku na wanafunzi, na mji unaanza kusogea mbali nawe: paa jekundu la kanisa la Azania Front, mnara mwembamba wa Mtakatifu Yosefu, na nyuma yake maghorofa marefu ya vioo ambayo sikuyakuta nilipokuja. Upande mmoja unaona bahari kuu na mawimbi yake, na upande wa pili maji ya bandari yametulia kama ya mtungini. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga hapa katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, alikuwa ameliona hilo hilo, kwamba mlango huu mwembamba unaficha bandari salama ndani yake. Nimevuka mamia ya mara, na kila pantoni inapoachia gati bado moyo hunidunda. Nikirudi natembea ufukweni hadi bustani ya mimea iliyoachwa na Wajerumani, jirani na Makumbusho ya Taifa, nakula chapati niliyofungasha chini ya miti yenye umri wa kuniita mtoto. Mara nyingi tunakuwa watu watano au sita tu humo, katikati ya jiji la mamilioni, na huwa nasikitika kwa niaba ya wale wasiokuja.

Kwamba maisha ya hapa yana adha yake, nakubali. Foleni tunazijua. Masika Bonde la Msimbazi linajaa na watu wa mabondeni wanahamisha magodoro usiku, na hilo ni jambo la kuumiza ambalo barua moja haitoshi kulieleza. La kwangu mimi mtembeaji ni njia za waenda kwa miguu, ambazo mahali pengi zimegeuzwa maegesho ya magari, na mitaro isiyofunikwa. Miaka 2 iliyopita nilitumbukia katika mmoja, wakati wa magharibi, nikavunjika kifundo cha mguu na kukaa wiki 6 ndani. Walionitoa ni kijana wa bodaboda na muuza madafu. Muuza madafu aliacha baiskeli yake na mzigo wote barabarani, akanishika kwapani hadi hospitali, na nilipomtuma mwanangu amtafute ili tumlipe, alimwambia, "Mwambie mzee akipona aje anywe dafu." Nilikwenda na mkongojo wangu. Mtaro ule bado uko wazi, na ombi langu la kwanza kwa wahusika, popote walipo, ni kwamba mitaro ifunikwe na njia zetu zirudishwe, kwa kuwa mji usiotembeka ni vigumu kupendwa na watoto wanaokulia ndani yake.

Ombi la pili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2022, kabla ya sensa, tulipewa anwani za makazi. Nguzo zilisimamishwa, mitaa ikaandikwa majina, nyumba zikapata namba. Nililifurahia zoezi lile kuliko watu wengi, maana nilihangaika miaka 38 na maelezo ya "nyumba ya bluu, nyuma ya msikiti, uliza kwa mama Asha". Lakini nguzo inasema jina, haisemi jina hilo limetoka wapi, na wanaojua wanaondoka. Yule mzee wa ugoro wa Mtaa wa Nyamwezi hayupo. Mjomba wangu hayupo. Kila nikienda kuzika, huwa nahesabu vituo ambavyo sasa hakuna tena wa kuvieleza. Naziomba serikali za mitaa, kata kwa kata, ziwatume wanafunzi wa shule za msingi na sekondari wakae na wazee wa mitaa yao waandike habari za majina hayo, na katika kila kituo pabandikwe kibao kidogo, cha Kiswahili cha kawaida, sentensi mbili au tatu, ili abiria anayesubiri gari asome. Gharama yake si kubwa. Hata Magomeni yangu, yenye nyumba ambayo Mwalimu Nyerere aliishi wakati wa kudai Uhuru na ambayo sasa ni makumbusho, nina majirani wa miaka 20 ambao hawajawahi kuingia ndani yake, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni yao.

Nami nimeanza kwa uwezo wangu. Jumamosi iliyopita nilimchukua mjukuu wangu wa miaka 9, nikampa daftari na penseli, tukashuka Tandale kwa Mtogole. Nilimwambia asimuulize anayekimbia. Alitazama huku na huku, akamwendea mzee aliyekuwa amekaa kwenye benchi na dele lake la kahawa, akamwamkia, akamuuliza Mtogole alikuwa nani. Mzee alisogea, akapiga benchi kwa kiganja, akamwambia, "Kaa hapa, babu." Alikuwa hajafika mbali na maelezo yake, mwenzake aliyekuwa kwenye bao akanyanyua kichwa akasema hapana, haikuwa hivyo, akaanza upya kwa namna yake, na wa tatu naye akaja. Tulikaa hadi adhana ya alasiri. Kijana wangu ameandika maelezo yote matatu, kila moja kwenye ukurasa wake, na wazee wametuambia turudi Jumamosi ijayo, kwa sababu yupo wa nne, ambaye ni mkubwa kuliko wao wote, na siku hiyo alikuwa amekwenda kliniki.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msoma mita mstaafu,
Magomeni Mikumi, Dar es Salaam